Fundi wa Shanga wa Väsby

Mimi majina hayanipotei. Shule niliiacha darasa la tatu, hesabu zikanikimbia, lakini majina yalibaki. Namkumbuka Ingrid aliyenifundisha kuendesha mashine ya kusafisha sakafu. Nawakumbuka watoto wanne wa jirani yangu wa kwanza pale Skärholmen, na paka wao pia. Basi msidhani nimesahau. Jina la huyu ninayemwandika nalijua, na la mama yake nalijua. Siliandiki kwa sababu alinikataza. Mjukuu wangu Nasra aliponipa daftari na kuniambia niandike watu wangu, nilimwambia kwanza huyu ninayemwandika. Akasema, "Andika, lakini jina langu liache. Liko kwenye barua za komuni, halmashauri yao, likae hukohuko."

Kwa hiyo nitamwita kama tulivyomwita sote: Fundi.

Alikotoka nako nakuacha. Kila mtu alidai ni wa kwao. Waganda walisema anatembea kama mtu wa Jinja, na Mama Furaha, ambaye ni wa Bukavu, aliapa kwamba mwanamke mkali namna ile hazaliwi mahali pengine. Mwenyewe akiulizwa alijibu, "Mimi si mbuzi, uniulize nilinunuliwa mnada gani." Ukirudia swali, anakugeuzia mgongo na kutafuta miwani.

Niliyemjua mimi ni mwanamke aliyeishi peke yake ghorofa ya tatu kule Upplands Väsby, nje ya mji mkuu wa Waswidi, akitunga mikufu ya shanga ndogo kama mbegu za mchicha. Macho yake yalipoanza kuzima, mwanawe alitaka ahame, aende nyumba ya wazee. Wengi wetu tulinong'ona kwamba mwanawe ana haki. Yeye alikataa. Nataka kuandika jinsi alivyokataa, maana watu wanaisimulia vibaya, na mimi nilikuwepo.

Tulikutana naye kila Alhamisi katika chumba cha nyuma cha maktaba, kwetu Skärholmen. Alikuja kwa treni mpaka mjini, akashuka chini ya ardhi kuchukua ile ya mstari mwekundu, na njia nzima alikuwa akitunga. Tulikuwa wanawake saba au wanane, Waislamu na Wakristo, kila mmoja na Kiswahili chake. Fundi hakuwa na salamu ndefu. Alivua koti, akatandika kitambaa cha sufu mezani ili shanga zisikimbie, akamimina kila rangi katika kifuniko chake cha chupa ya jamu, akasema, "Haya, mikono."

Mkufu wake ulikuwa wa maua. Unatunga shanga sita, unarudisha sindano katika ule wa kwanza, duara linajifunga. Unatia wa saba katikati, tuliouita jicho, kisha sindano inatokea upande wa pili, kwenye ushanga wa nne. Hilo ni ua moja. Mkufu wa shingo ya mtu mzima unataka maua kama mia hivi, na ukikaza uzi kupita kiasi ua linajikunja, ukilegeza linaning'inia kama jino bovu. Hakuna kipimo. Kipimo ni kidole chako.

Kutia uzi katika sindano alitufundisha kinyume na tulivyozoea. Sisi tulikuwa tukiinua uzi na kuufukuzia tundu, macho yametutoka. Yeye aliubana uzi kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ikabaki ncha ndogo mno, halafu akaileta sindano juu yake. "Sindano ndiyo inayotembea," alisema. "Uzi ni bibi harusi, unangojea." Sasa mnaelewa kwa nini macho yalipozima hakubabaika. Tundu la sindano alikuwa hajalitazama miaka mingi.

Shanga mbovu hakuzitupa. Katika kila pakiti kuna nyembamba kama ukucha na nene kama tumbo la chura. Alizitenga kwenye chupa, na mkufu ulipofika mahali pa kupinda kwenye shingo alitia nyembamba upande wa ndani na nene upande wa nje, mkufu ukalala bila kupigana na mtu. Mama Furaha alipouona mara ya kwanza alishika kichwa: "Fundi, hii vilema yote njo inatengeneza kona?"

"Wewe ulidhani kona inatengenezwa na wazuri?"

Kusifu hakujua. Nasra alipokuwa na miaka kumi na mitano alitunga mkufu wa kwanza, akaupeleka mezani kwa mikono miwili. Fundi aliupitisha vidoleni, ua baada ya ua, akasema, "Utamfaa paka." Mtoto akalia. Akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyonijibu akikasirika, kwamba hatarudi tena. Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Na msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Uongo wake ulijaa kapu. Daktari alimwuliza kama anakula sukari, akasema hajui hata ladha yake, na mkobani mlikuwa na maandazi manne. Katika duka la dawa aliingia mbele ya foleni akijifanya hajui namba ya zamu ni nini, miaka thelathini na kitu nchini humu. Kuhusu umri wake alinipa majibu matatu, na yote aliyatoa akinitazama usoni. Lakini mbele ya shanga alikuwa mtu mwingine. Pale hakukubali uongo hata wa nukta, na mimi nilijifunza hilo kwa aibu.

Ilikuwa Nasra anamaliza sekondari. Hapa mtoto siku hiyo hutoka mbio mlangoni mwa shule na kofia nyeupe, na ndugu wanamvika shingoni maua, vidoli, vitu vya kila namna vinavyoning'inia kwa utepe wa buluu na njano, mpaka anafanana na duka. Mimi nikasema mjukuu wangu atavaa mkufu wangu. Nikatunga miezi miwili. Nilipobakiza kidogo kumaliza nikaona kwamba ua moja, nyuma kabisa, lina shanga saba za pembeni badala ya sita. Kulifikia ilitaka kufumua maua thelathini na mawili. Nikangoja Fundi aende msalani, nikachukua koleo, nikauvunja ule ushanga wa ziada. Tik. Ua likakaa sawa, hakuna aliyeona.

Kioo kikivunjika kinakuwa kisu. Kumbe kilikuwa kimeula uzi.

Pale uwanjani mwa shule, binti yangu Rukia alipomvika Nasra kidubu cha tatu, mkufu ulikatika. Shanga zilimwagika kwenye changarawe, watu wanaimba, magari yanapiga honi. Fundi alikuwa amekuja na gauni lake zuri la zambarau. Hakusema pole. Alipiga magoti, akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kuokota, ushanga mmoja mmoja, na mimi nikapiga magoti kando yake.

"Uliuvunja," aliniambia bila kuinua kichwa.

"Ulikuwa mmoja tu, Fundi."

"Mama Rukia, kosa lifumue, au liache watu walione. Ukilivunja unaua shahidi, na wewe mwenyewe hujui tena ulikosea wapi."

Nasra alisema, "Mormor, det gör inget," yaani bibi, haidhuru. Fundi akamtazama na kofia yake nyeupe. "Inadhuru," akasema. "Lakini cheza kwanza."

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi, mpole, jina lake Gunilla, aliyekuja siku moja kututazama. Akasema ni vizuri sana kwa wazee, shanga zinapumzisha akili. Nilimtafsiria Fundi, kwa kadiri ya Kiswidi changu cha ufagio. Fundi akauliza, "Anasema nini? Kupumzika? Mwambie kupumzika ni kulala. Hii ni kazi, na mimi ninaiweza." Nilimwambia Gunilla kwamba Fundi anashukuru. Fundi Kiswidi alikielewa kuliko alivyotuonyesha. Aliniponda mguu chini ya meza.

Macho yalianza na rangi. Alikuwa na sheria kwamba rangi huchaguliwa mchana, dirishani, kwa sababu taa inadanganya, hasa kati ya buluu na kijani. Sisi tuliiona ni sheria ya kawaida. Halafu nikaona kwamba hata mchana alikuwa anauliza. "Nasra, nipe buluu." Kifuniko kiko mbele yake. Baadaye akawa haulizi, anaweka vifuniko kwa mpango: nyeupe kushoto, buluu katikati, kijani kulia, njano ya jicho juu peke yake. Vidole vilikwenda vyenyewe. Baadaye tena akaacha kuja Skärholmen, maana ngazi za kubadilisha treni zilimwangusha, tukawa tunamfuata sisi, kwa zamu.

Mwanawe anaitwa Daudi. Anakaa Sundbyberg, anafanya kazi ofisini, na si mtoto mbaya, naomba mnisikilize hapo. Alikuta sufuria imeungua mpaka kitako kimekuwa cheusi. Alikuta mkono wa gauni la mama yake umebabuka. Akaogopa. Nyumba ile ya Väsby ilikuwa kwa jina lake, yeye ndiye aliyeipanga, na nafasi katika nyumba ya wazee alikwisha kuiombea. Kilichobaki ni mama kukubali, na mama alisema hapana asubuhi na jioni. Mwisho wakafikia mapatano: atakuja mtu wa komuni, ataona. Akisema mama anaweza kukaa na wasaidizi, atakaa. Akisema hawezi, Daudi atairudisha nyumba, na mama atahama.

"Na wewe uwepo," Fundi aliniambia kwenye simu. "Daudi atatafsiri, lakini nataka na mtu anayeijua kazi."

Mtu wa komuni aliitwa Annika, mama wa makamo, viatu amevua mlangoni, soksi zake na kitundu kidoleni. Ilikuwa Desemba, saa tisa kasoro za alasiri, na nje giza limeshaanza kufunga, kama kawaida ya huku. Kabla hajafika Daudi alisafisha meza ili kahawa ipate nafasi. Nilimwona anavisogeza vile vifuniko, anavipanga upya pembeni, vizuri, kwa adabu. Nilimwona kwa macho yangu haya na akili haikunijia. Nilikuwa nahangaika na keki.

Annika aliuliza mambo ya dawa, ya kuoga, ya usiku. Kisha akauliza mama anashindaje mchana.

"Mwambie anyamaze, ataona," alisema Fundi.

Daudi alitafsiri kwa maneno matamu zaidi. Fundi akachukua mkufu aliokuwa ameuanza asubuhi, urefu wa shibiri moja, maua ya buluu na nyeupe kwa kupokezana. Akatia uzi mpya katika sindano bila kuangalia. Annika aliacha kuandika. Sindano ikaenda kwenye kifuniko, ikaokota shanga sita kwa pigo moja, ikarudi, jicho likaingia, ua likafungwa.

Lilikuwa kijani.

Ua la pili jeupe, sawa. La tatu, kijani tena. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta buluu katikati ya vifuniko, kama alivyoipanga, na katikati sasa palikuwa pamekaa kijani. Daudi hakuona. Alikulia katikati ya shanga kama mtoto wa mvuvi asiyekula samaki. Annika alisema, "Så fint," yaani vizuri mno, akaushika mkufu kwa ncha za vidole, akasema hajapata kuona mkono kama huo. Mimi niliona, na nikanyamaza. Nilikunywa kahawa. Nilijiambia, Zuhura, funga mdomo, mwenzio anapona.

Annika akafunga daftari. Akasema, kwa maoni yake, mama anaweza kubaki kwake akipata msaada asubuhi na jioni. Daudi alishusha mabega. Wakatoka pamoja, Daudi akimsindikiza kwenye lifti.

Fundi alikuwa bado ameshika mkufu. "Rangi zimekaaje?"

"Vizuri," nikasema.

Akapitisha ukucha juu ya maua, mbele, nyuma. Ukucha hauoni rangi. "Mama Rukia, nimekuuliza."

Nikamwambia. Nikasema ni kijani, mawili, tangu alipoanza mbele ya mgeni, na kwamba Daudi alisogeza vifuniko. Nilidhani atamkasirikia Daudi.

"Na wewe ulikaa."

"Niliihofia nyumba yako."

"Nyumba ni yangu mimi kuihofia."

Daudi aliingia akitabasamu, amefungua mikono kama mtu aliyefunga goli. Mama yake akamwambia, "Mwite yule mama arudi."

"Mama, umeshashinda! Amesema utabaki."

"Nimeshinda kwa sababu hajui kazi. Hata kuku angenipa nyumba kwa namna hiyo. Mwite."

"Auntie, mwambie," Daudi aliniomba, sauti imempanda. "Mwambie aache. Akirudi yule ataandika mengine, mama atahama, mimi sitaweza kufanya kitu."

Nikafungua mdomo. Fundi akasema, "Auntie yako leo amemaliza maneno yake." Akasimama, akaenda mwenyewe mlangoni, mkono ukutani, akaufungua na kuita kwenye ngazi, kwa sauti niliyoijua kutoka maktaba, jina zima: "Annika!"

Annika alikuwa bado anangoja lifti; alirudi na koti lake. Fundi hakumngoja Daudi. Alisema kwa Kiswidi chake mwenyewe, tulichokuwa tukikisikia kwa nadra: "Jag ser inte färg." Rangi sioni. Halafu akageukia Kiswahili, na Daudi akatafsiri, uso umemuiva.

"Mwambie haya maua mawili ni makosa. Nilitaka buluu. Buluu na kijani kwangu sasa ni mapacha. Vifuniko vingekaa nilipoviweka, ningetunga sawa. Sufuria naijua kwa mkono, ngazi kwa mguu, dawa kwa umbo lake. Ile iliyoungua, niliiunguza mimi, nililala. Mwambie aandike yote. Aandike kwamba sioni. Na aandike kwamba sihami."

Annika aliuliza ni nani aliyevisogeza vifuniko. Daudi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, aliinua mkono kama yuko darasani. Hakuna aliyecheka. Annika alikaa tena, akaandika kwa muda mrefu sana, na alipoondoka alisema kwamba sasa hawezi kuahidi, barua itakuja.

Wiki tano tulingoja. Daudi aliacha kunipokelea simu. Wanawake wa Alhamisi waligawanyika. Wengine walisema uzee umempanda kichwani, mtu gani anarudisha ushindi mlangoni? Mama Furaha alisema, "Ule mama iko na kiburi ya mungu." Fundi alikuwa ameniwekea ule mkufu mapajani siku ileile na kuniamuru nifumue maua ya kijani, na nilipoyafumua alininyima hata kwaheri. Niliporudi Alhamisi, hakunisemesha. Iliyofuata pia. Nilimpikia, nikafua kitambaa chake cha sufu, nikaenda zangu. Usiniulize kama nilijuta. Nilijuta kwamba nilinyamaza, halafu nikiwa kwenye treni nilijuta kwamba nilisema, na nikifika nyumbani nilikuwa nimerudi kwenye lile la kwanza.

Barua ilipokuja alimtaka Nasra aisome, si Daudi, si mimi. Nasra aliisoma kwa Kiswidi, akatueleza. Anabaki. Msaada asubuhi na jioni. Jiko litawekwa kifaa cha kulizima lenyewe. Na mwishoni Annika alikuwa ameandika kwamba wasaidizi wasihamishe kitu chochote ndani ya nyumba bila kumuuliza mwenyewe. Nasra alisoma sentensi hiyo mara mbili, maana Fundi alimwambia airudie. Kisha akanigeukia, baada ya wiki hizo zote, akasema, "Mama Rukia, umekonda. Kula."

Daudi sasa huja Jumapili. Akiingia anakaa na mikono mapajani kama mgeni msikitini. Nyumba haijairudisha.

Mara ya mwisho nilikwenda majuzi, theluji imekwisha, lami imejaa kokoto zilizomwagwa majira ya baridi ili watu wasiteleze, ambazo hawajazifagia. Macho sasa yamekwenda karibu yote. Alinikaribisha kwa sauti kutoka mezani, nikaingia. Alikuwa katikati ya mkufu mrefu, na sikumwona akihangaika. Amepungua mwili. Niliketi, nikaanza kazi yangu. Kwa saa nzima tulisema mambo mawili matatu, mojawapo likiwa kwamba mimi nakaza uzi kama naning'iniza nyama.

Kengele ililia. Ni Lena, msaidizi wa jioni, mama wa mvi kama sisi. Nilijua ana ufunguo wake mkobani, wote wanao. Lakini hakufungua. Alisubiri.

Nikainuka.

"Kaa," alisema Fundi.

Kengele ikalia mara ya pili, polepole, kwa heshima. Fundi alikuwa na shanga tano kwenye sindano. Akaokota wa sita. Akarudisha sindano katika ushanga wa kwanza, akavuta, akatia jicho, akapapasa kwa kidole cha shahada mpaka akaridhika na duara lake. Akaitokeza sindano upande wa pili. Akaukaza uzi, si sana. Nje kwenye ngazi nilimsikia Lena akikohoa na kuhamisha mguu.

Fundi alichomeka sindano kwenye kitambaa, akanyoosha gauni magotini, akaweka mikono yote miwili mezani.

"Sasa mfungulie," akasema.